Mkalimani wa Nyumba Moja

Waliomfahamu watamtambua mara moja, na wasiomfahamu hawatapungukiwa na kitu nikiliacha jina lake. Sisi wenyewe hatukulitumia. Tangu ujana wake, kwa mtaa mzima wa Ngokolo pale Shinyanga, na baadaye kule machimboni Geita, alikuwa Mkalimani tu, hata kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kutafsiriwa neno lolote. Ninamwandika kwa sababu nimekuwa jirani yake miaka mingi, na kwa sababu kila nikiwasikia watu wakieleza kilichomfika akilini mwake, naona wanaeleza haraka mno. Mmoja anasema jini. Mwingine anasema mizimu ya Kishapu. Wa tatu anasema ni wazazi wake waliomharibu, na anasema hivyo huku akitafuna karanga. Mimi niliacha shule ya misheni mapema, na sina hakika kama kalamu yangu inaitosha kazi hii. Nitaandika niliyoyaona. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Nianze na sauti yake, maana ndiyo iliyompa kazi. Ilikuwa sauti ya chini, ya uangalifu, kama hatua za mtu aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Kwenye baraza la Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, watu wa Kishapu walipokuja na kesi zao za ng'ombe na za wake, alisimama katikati, mikono nyuma, macho yake akiyaweka mahali patupu kati ya mzungu na mzee. Mzee akilia, sauti ya Mkalimani ililia kidogo. Mzungu akikasirika, sauti yake ilikasirika nusu. Hiyo nusu nyingine sijui alikuwa anaipeleka wapi. Nadhani alibaki nayo.

Siku moja Bwana Shauri alimwambia mzee mmoja kwamba ni mwongo, na kwamba hajapata kuona mwongo kama yeye tangu aingie nchi hii. Niliyaelewa maneno hayo kwa sababu mzungu yule aliyasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuunga, kabla hajarudi kwenye lugha yake. Mkalimani akamgeukia mzee, akasema kwa Kisukuma, "Baba, Bwana anasema hajayaona maneno yako vizuri. Anaomba umwoneshe tena." Yule mzee akafurahi kuombwa kwa adabu namna ile. Akayarudia, na safari hii akasema kweli. Kesi ikaisha, watu wakaenda zao, na mzee akampa mkono Mkalimani badala ya kumpa mzungu.

Mtu huyo aliyewasemea wote hakuwa na neno lake mwenyewe. Nilikuwa nikimtania tukienda dukani kununua kitambaa.

"Unataka cha rangi gani, Mkalimani?"

"Watu wanasema cha buluu hakishiki vumbi."

"Sikuulizi watu. Nakuuliza wewe."

"Basi huyu mwenye duka anaonekana anapenda tuchukue cheupe."

Tulicheka sana, na yeye alicheka pamoja nasi. Hata njaa hakuwahi kuisema. Ukimwuliza kama ana njaa alijibu kwamba chakula kinanukia vizuri. Vijana wenzake walimwuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?" Akawa na jibu lake moja alilolipenda: "Mimi ni mlango, jamani. Mlango unasema nini?" Siku hizo tuliliona jibu la mtu mwerevu. Sasa nikilikumbuka silioni hivyo.

Nyumba yao ilipakana na yetu. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani, mtu safi, mwenye kofia iliyotariziwa kwa mkono wake mwenyewe, na cherehani yake ilikuwa kwenye baraza la duka la Mhindi karibu na stesheni. Reli ilikuwa changa bado, na treni ikipita watoto wote tulikimbia kuitazama, na Fundi akasimamisha mguu wake kwenye cherehani mpaka ipite, ati asije akashona mshono uliopinda kwa mtikisiko. Mama yake alikuwa Msukuma wa Kishapu, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mkono mzuri wa maziwa mgando. Sisi watoto wa jirani tuliipenda nyumba ile kuliko za kwetu. Kwa baba ulipata vipande vya vitambaa na hadithi za bahari ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Kwa mama ulipata michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na ukikaa karibu naye jioni aliimba nyimbo za kulimia huku akikuna kichwa cha yeyote aliyekuwa karibu. Nauona bado ule ua, na mstari mweupe wa majivu kando ya mafiga, na kanzu za watu zikining'inia kwenye kamba kama wageni wasio na miguu.

Ila baba na mama walikuwa hawasemezani.

Hawakuwa wakigombana. Hilo naliandika kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu watu wa mbali wakisikia hawasemezani hudhani kulikuwa na vipigo na matusi. Hapakuwa na hata kimoja. Mama alipika, baba akala. Baba alishona, mama akavaa. Lakini neno lolote la mmoja kwenda kwa mwenzake lilipita kwa mtoto. Tulikuwa tunakaa uani, baba kwenye kiti chake cha uvivu, mama kwenye kigoda, na kati yao ungeweza kunyoosha mkono ukamgusa huyu na huyu. Mama anasema kwa Kisukuma, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, "mwambie baba yako chakula tayari." Mtoto anageuka, anasema kwa Kiswahili, "Baba, chakula tayari." Baba anasema, "Mwambie mama yako ninanawa." Mtoto anageuka tena.

Na jambo ambalo watu hawalijui ni hili: baba alikijua Kisukuma. Alikuwa ameishi huku miaka na miaka. Mama naye alikisikia Kiswahili chote, hata kile cha pwani cha mafumbo. Kwa hiyo kila neno kila mmoja alilisikia mara mbili, kwanza kutoka kwa mwenyewe, kisha kutoka kwa mtoto.

Siku moja, tukiwa wadogo, Fundi aliuonja mchuzi akasema, "Mwambie mama yako leo ametupikia maji ya kuoshea miguu." Mama alikuwa amesikia, maana mkono wake ulisimama kwenye mwiko. Rafiki yangu akageuka, akafikiri kidogo, akasema, "Mama, baba anasema mchuzi wa leo ni mwepesi, hauchoshi tumbo." Mimi nikaangua kicheko. Baba akamvuta sikio. "Nimekutuma hivyo? Nimezaa mwongo?" Kesho yake likaja neno jingine kali, safari hii kutoka kwa mama, na mtoto, akikumbuka sikio lake, akalipeleka lilivyo. Mama mwenyewe akamchapa kwa ukindu. "Unamwambia baba yako maneno kama hayo? Huna adabu?"

Basi hapo ndipo alipokulia. Akilainisha neno, ni mwongo. Akiliacha lilivyo, hana adabu. Asiposema kabisa, wote wawili wanamtazama na kungoja. Nilimwona akijifunza kushusha sauti, akijifunza kuweka macho mahali patupu. Alipokuja kusimama mbele ya Bwana Shauri na watu wakamsifu kwa kipaji, mimi nilijua alikotoka nacho.

Sababu ya ule ukimya ilikuwa ya zamani. Walikuwa na binti, kifungua mimba, Salma, na kwa jina lake mtaa mzima uliwaita Baba Salma na Mama Salma. Salma aliugua homa. Mama alitaka wampeleke kwa watu wake Kishapu kwa mganga. Baba alitaka anywe kombe la mwalimu wa chuo, yale maji yaliyooshea aya za kuran. Wakavutana, wakakubaliana, wakavutana tena, na mtoto akafa mikononi mwao kabla halijafanyika hili wala lile. Mdogo wake, huyu ninayemwandika, alikuwa ndiyo kwanza anajua kusema vizuri. Mtaa kwa huruma ukaacha kuwaita kwa jina lile. Wakawa Fundi na Mama Fundi. Wengine walisema mke alimchukia mume. Wengine walisema mume alimchukia mke. Mimi sikuwahi kuona chuki pale, lakini mtoto huona kidogo.

Machimbo yalipofunguliwa Geita vijana wengi wa Shinyanga tulikwenda. Mimi nilipata kazi ya kutunza taa za wachimbaji. Nilizijaza mafuta na kuzipokea zikirudi nyeusi. Mkalimani alichukuliwa mara moja, kwa sababu pale palikuwa na Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na watu wa mbali zaidi, na msimamizi mzungu hakujua hata salamu. Zilikuwa siku nzuri. Jumamosi jioni tulivaa mashati yaliyoshonwa na Fundi, tukatembea mpaka kwenye vibanda, na kila tulipopita watu walimwita Mkalimani wapate kumpa kiti. Nikiambiwa nichague siku za kurudia, nadhani nitachagua zile.

Ndipo nikaanza kuona anageuza kichwa. Tukiwa wawili tu njiani, kimya, yeye anageuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayeitwa. Nikamwuliza.

"Nani?"

"Hamna."

Baadaye akaanza kujibu. Kwa sauti ndogo, "Nitamwambia. Ngoja, nitamwambia." Nikidhani anafanya mazoezi ya kazi, nikamtania, naye hakucheka. Alikonda. Aliacha kuoga, yeye mtoto wa mtu safi vile. Akawa anawaangalia watu kama wanaoficha kitu.

Asubuhi moja wachimbaji walisimama mdomoni mwa shimo wakakataa kushuka, na msimamizi akamwita Mkalimani. Mzungu akasema yake. Wachimbaji wakasema yao. Yeye akasimama katikati, mikono nyuma, akasema kwa sauti ileile ya upole:

"Bwana anasema mshuke. Ninyi mnasema magogo ya shimo yameoza. Na yule mwingine anasema nyote mnyamaze, mtoto amelala."

Mzinza mmoja akacheka. "Mwingine yupi, Mkalimani? Umeongeza mtu?"

"Huyu hapa nyuma. Amenituma. Anasema, mwambie, mwambie, na mimi simwoni wa kumwambia." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Hapo hakucheka mtu tena.

Dresa wa pale alisema ni malaria iliyopanda kichwani, akampa kwinini mpaka masikio yakavuma. Mwalimu wa kuran alisoma juu yake. Mganga alisema babu wa upande wa mama anataka kutambuliwa. Siwadharau, kila mmoja alifanya alichokijua, na kila mmoja alifanya kwa moyo. Kampuni haikuwa na kazi ya mtu wa namna ile, akarudishwa Shinyanga.

Nilikwenda kumwona kwenye likizo yangu, na naapa sijapata kuona mgonjwa anayependwa kama yeye. Baba yake alikuwa amemshonea kanzu mpya, laini, isiyo na mshono wa kukwaruza shingo. Mama yake alilala mlangoni asije akatoka akapotea. Lakini nikikaa uani nilisikia, "Mwambie baba yako akushike mkono wakati wa kuoga." "Mwambie mama yako apunguze chumvi kwenye uji wako." Yeye akiwa amejikunja kwenye mkeka, midomo inatikisika, anageuka huku, anageuka kule, na hawa wa mle ndani ya kichwa wanamtuma vilevile kama hawa wa nje. Kila siku aliyokaa pale alizidi kudidimia.

Nilimrudisha Geita mimi, baada ya kusihi sana. Mama mmoja wa Kisumbwa, mjane aliyetoka Kahama, alikuwa akiwapikia wachimbaji karibu na kambi. Alikuwa na mapacha, akaitwa Mama Kulwa. Nikamwomba amweke rafiki yangu apasue kuni, na chakula chake kiwe ndiyo ujira. Mama Kulwa alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, asiyemwonea mtu huruma wala asiyemwonea mtu.

"Anapiga watu?" aliniuliza.

"Hapigi."

"Anaiba?"

"Haibi."

"Basi ni mzima kuliko wengi wanaokula hapa."

Siku za kwanza, kijana mmoja mpenda masihara alimwona Mkalimani amekaa karibu na chungu, akasema kwa sauti ya kuchekesha, "Bwana Mkalimani, hebu mwambie mama aniongeze ugali." Mama Kulwa alikuwa hapohapo, mwiko mkononi. Akaona mgonjwa ameshtuka, mabega yamepanda, midomo imeanza kutikisika. Alimtazama kitambo. Halafu akamgeukia yule kijana.

"Mimi nina masikio mangapi?"

"Mawili, mama."

"Yanakutosha? Basi niombe mimi. Hapa kwangu kila mtu atabeba neno lake kama anavyobeba sahani yake. Asiyeweza, akale kwingine."

Ikawa sheria. Wachimbaji waliifanya mchezo. Mtu akiteleza akasema "mwambie", wenzake walimnyang'anya kipande cha nyama. Mama Kulwa mwenyewe hakuijadili. Hakujua habari za Ngokolo, wala mimi sikuwa nimemsimulia. Aliona bega limepanda, akaondoa kinacholipandisha, kama mtu anayeondoa kigogo njiani kwa sababu mzee wa nyumba haoni vizuri.

Mkalimani akaanza kulala. Akaanza kuoga. Akapasua kuni mpaka mikono ikaota sugu. Sauti hazikuondoka, alinieleza mwenyewe kwamba zimekaa mbali, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya mto. Siku moja aliniambia, "Ugali huu haujaiva," nami nikabaki namtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikataa kitu bila kukitafutia mwenyewe wa kukikataa.

Hapa lazima niwe mwangalifu. Je, nyumba inaweza kumvunja mtu akili? Nimelala na swali hilo mara nyingi. Kwa upande mmoja nimeona niliyoyaona: kule alididimia, huku akapanda. Kwa upande mwingine, nyumba ya tatu kutoka kwetu watu walikuwa wakitukanana asubuhi na jioni, watoto wakitumwa na matusi kama mishale, na watoto wale wote ni wazima, mmoja ni karani wa pamba. Tena mama yake Mkalimani alikuwa na mjomba kule Kishapu aliyekuwa akizungumza na ng'ombe na kusema wanamjibu, na huyo hakulelewa Ngokolo. Huenda ni damu. Huenda damu ilileta mbegu na nyumba ikaleta mvua. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba wazazi wale hawakumtakia mabaya, na kwamba walimwumiza. Mambo hayo mawili nimejaribu kuyatenganisha nikashindwa.

Alipokuwa katika hali hiyo ya kupanda, likaja neno kutoka Shinyanga kwamba Fundi anaumwa kifua na anamtaka mwanawe. Mama Kulwa alisema asiende. "Mmemtoa huko kwa kazi kubwa. Mkimrudisha mtamtoa kwa mkono gani?" Mimi nilisema ni baba yake. Yeye mwenyewe tulimkuta amekwisha kufunga nguo zake. Tukavuka ziwa, tukapanda treni Mwanza, na njia nzima alikuwa akitazama tambarare, na mifugo, na mawe makubwa ya kwetu, bila kugeuza kichwa.

Fundi alikuwa amelala kitanda cha kamba, amebaki mifupa na kofia. Mama alikaa karibu na mlango na bakuli la uji. Mkalimani akaingia, akaamkia, wakaitika, na kabla sijajua amesogeaje, nikamwona amesimama mahali pake pale pa zamani, katikati, mikono nyuma.

"Ng'wana wane," mama akasema, "mwambie baba yako uji umepoa."

Kichwa chake kikageuka upande wa kushoto. Nikaogopa. Kisha akasema kwa Kisukuma, "Mama, nimechoka kubeba."

"Kubeba nini? Uji ninao mimi."

"Maneno."

Fundi akasema kutoka kitandani, kwa Kiswahili, "Mwambie mama yako asikusumbue, umetoka safari."

Rafiki yangu akakaa chini. Akakaa palepale sakafuni, kati ya kitanda na mlango, akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili kama mtoto aliyekatazwa kulia.  Uji ukafanya utando. Mama akanitazama mimi. "Jirani," alisema, "hebu mwambie..." Nikainamisha macho. Sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa tu sijui la kufanya, na kutokufanya kukawa ndiko kufanya.

"Sasa nimwite nani?" mama akasema. Alikuwa akisema peke yake. "Jina lake mimi mkewe siwezi kulitaja. Na lile jingine ni la mtoto. Nitalitajaje?"

Ndipo nikaelewa, mimi niliyepakana nao tangu utotoni. Mke wa kwetu hamwiti mumewe kwa jina lake. Humwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na mume humwita mkewe vivyo hivyo. Wawili hawa, tangu waliporudi kaburini, kila mmoja alikuwa na jina moja tu la kumwitia mwenzake, na jina hilo lilikuwa udongoni. Kumwita ilikuwa kumfukua binti. Basi wakapita kwa mdogo wake.

Mama akasimama na bakuli. Alimzunguka mwanawe pale sakafuni, akafika kitandani. Akasema, na kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwa nimepata kuisikia kinywani mwake:

"Baba Salma. Uji umepoa."

Fundi akajifunika shuka usoni. Chini ya shuka tukaisikia sauti yake. "Ulete hivyohivyo, Mama Salma."

Ningependa kuandika kwamba Mkalimani alipona siku ile. Hakupona. Wiki hiyo alikuwa vibaya, akizungumza uani na watu wengi, na mwaka huo wote ulikuwa wa kupanda na kushuka. Fundi alifariki kabla ya mvua za kwanza. Nilimrudisha mgonjwa kwa Mama Kulwa, na Mama Kulwa alipochoka na machimbo akarudi kwao Kahama, alikwenda naye kama mtu wa nyumbani. Sikumwona muda mrefu.

Mara ya mwisho kumwona ilianza na mama yake. Alikuwa amebaki peke yake Ngokolo, na aliposikia ninakwenda Kahama kununua mchele, alikuja asubuhi akasimama mlangoni kwangu. "Mwambie mwanangu nazeeka," alisema. "Mwambie aje nyumbani."

Nikafikiri nilivyoweza. Kumnyima mama mzazi salamu kwa mwanawe ni jambo zito, na mimi ni nani. Kulipeleka neno lile nako kulikuwa kuzito. Mwisho nikasema, "Mama, hilo siwezi kulibeba. Twende ukamwambie."

"Nitasema nini?"

"Hilohilo."

Tulishuka treni Isaka, tukapanda lori la wafanyabiashara wa mchele. Juu ya magunia, katika vumbi, aliniuliza mambo ambayo mama huulizwa na watu. Anapenda kula nini siku hizi? Akilala anajifunika kichwa au miguu? Nilijibu nilichojua.

Tulimkuta uani kwa Mama Kulwa, anapepeta mpunga. Alikuwa amenenepa kidogo, na nguo zake zilikuwa safi. Akaweka ungo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana wane."

Mama Kulwa akatuletea vigoda, akasema ana moto jikoni, akaondoka. Nami nikasogea kwenye kivuli cha ghala, lakini si mbali, niseme kweli. Walikaa wakitazamana. Mama alianza, "Nimekuja kukwambia..." akaishia hapo. Alipapasa pindo la kanga yake.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

Kichwa cha Mkalimani kikageuka kidogo upande wa kushoto. Mama aliona. Alingoja mpaka kiliporudi.

"Wapo?"

"Wapo."

"Wanasema nini?"

"Wananituma kwako. Sitakwambia."

"Basi usiniambie yao." Mama alisogeza kigoda chake mbele, mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Niambie lako."

Alifikiri. Niliona macho yake, yale macho yaliyozoea kukaa mahali patupu, yakitafuta, yakapanda polepole mpaka usoni kwa mama yake, yakatua.

"Mama," alisema, "nywele zako zimekuwa nyeupe."

Mama akafungua kilemba chake, akainamisha kichwa ili azione vizuri.